Udongo Uwahi Ungali Maji: Migongo ya Vijana Wetu wa Kilosa na Mikumi



Naanza na jambo mnaloweza kulifanya leo jioni. Mwambie binti yako wa miaka 11 asimame mgongo wazi, aunganishe viganja, ainame taratibu mpaka mgongo ulale kama meza. Simama nyuma yake. Ukiona mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za pili, mpeleke hospitali. Kipimo hiki kina jina la William Adams, tabibu wa London aliyekieleza mwaka 1865, na hakihitaji umeme wala fedha.

Tunachotafuta ni skoliosisi: uti wa mgongo kupinda ubavuni huku ukijisokota. Huwapata vijana 2 hadi 3 katika kila 100 wenye umri wa miaka 10 hadi 16, na mapindo makubwa huwaandama zaidi wasichana. Kwa walio wengi chanzo hakijulikani. Hali hii hailetwi na ndoo ya maji kichwani, wala mkoba wa shule, wala kijicho cha jirani. Mama asijilaumu. Ila tusichanganye hali hii na kibiongo cha kifua kikuu cha mifupa, ambacho huchomoza kwa nyuma, mara nyingi pamoja na maumivu, homa na kukonda. Mwenye kibiongo hicho anahitaji dawa za TB haraka.

Eksirei hupima pindo kwa nyuzi. Likiwa kati ya 25 na 40, na mtoto bado anakua, tiba ni gamba la plastiki linalobana kiwiliwili na kusukuma mbavu zilizotoka. Likipita 50, madaktari wa mifupa huanza kufikiria upasuaji.

Je, gamba linasaidia? Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa vijana 242 wa Marekani na Kanada. Kati ya waliovaa, asilimia 72 walimaliza kukua pindo likiwa chini ya nyuzi 50. Kati ya waliofuatiliwa bila gamba, asilimia 48. Ndani ya magamba kulikuwa na vihisi joto vilivyohesabu saa za kuvaliwa. Waliovaa kwa wastani wa saa 13 au zaidi kwa siku walifanikiwa takribani 9 katika kila 10.

Najua mtauliza: na joto hili la Kilosa? Tuhesabu pamoja. Kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja asubuhi ni saa 15. Mtaalamu ndiye apangaye, na huenda akataka saa 18. Lakini saa nyingi zinapatikana jua likiwa limepoa, fulana ya pamba ikiwa chini ya gamba.

Mazoezi nayo yana nafasi yake. Katharina Schroth, Mjerumani aliyepinda mgongo mwenyewe, alianza mwaka 1921 kuwafundisha wagonjwa kujinyoosha na kuvuta pumzi kuelekea upande ulioporomoka. Mazoezi hayo huimarisha misuli na mkao. Hata hivyo, ushahidi kwamba peke yake yanazuia pindo kubwa bado ni haba. Yaende pamoja na gamba, yasichukue nafasi yake.

Sasa neno langu zito. Msichana hurefuka kwa kasi kubwa kabla ya kuvunja ungo. Akiwa mwali, kasi hiyo imekwisha kupita. Shangazi na bibi wanaongoja siku ile ndipo wautazame mwili wa binti, kwa upande wa mgongo wamechelewa. Naomba walimu wa darasa la tano na la sita wakague migongo mara mbili kwa mwaka, mwalimu wa kike kwa wasichana, faraghani. Mafundi wa magamba tunao: chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinawafundisha tangu 1981.

Kulifuata gamba kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam ni safari ya takribani kilometa 300, na gamba hubadilishwa mtoto akikua. Safari hizo ni ghali, nazo hupotea bure gamba likitundikwa ukutani. Karakana hulitengeneza, anayetibu ni yule anayekaza mikanda kila jioni, na kukaa na mtoto mpaka alale.