Mlango wa Mitokondria na Pombe ya Chitima

Haya vijana wenzangu, tulieni kidogo. Darasani mmeambiwa mitokondria hutengeneza ATP, nguvu ya seli. Sasa, hiyo ATP inatokaje nje? Kwenye utando wa ndani kuna protini inayoipitisha: inatoa ATP moja, inaingiza ADP moja. Ni kama soda dukani, bila chupa tupu hupewi iliyojaa.

Januari 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani. Wakafa 75. Ikavuma kwamba ni nyongo ya mamba! Wapi! Maabara ilikuta asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria walioingia kwenye unga wa mahindi. Sumu hii inang'ang'ania ile protini, mlango unakwama. ATP imo ndani, lakini ubongo, moyo na ini havipati kitu.

Ubaya wake, haina harufu wala ladha, kuchemsha hakuiui, na dawa yake maalumu haipo. Kwa hiyo nyumbani unga ukilowa na kuvunda, msikubali ule usemi wa "utafaa kwa pombe". Fukieni shimoni, kuku wasiufikie.