Picha za Ulaya na Picha za Hollywood: Kwa Nini Watazamaji Hawapendi Namna Moja



Watu wawili wakitoka katika nyumba moja ya sinema, baada ya kutazama picha ile ile, mara nyingi hutoka na maneno mawili. Mmoja husema, "Picha njema sana, imenipa jambo la kufikiri." Mwenzake hujibu, "Njema kwa nini? Haikuwa na mwisho!" Hubishana mpaka njia panda, kisha huachana, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hajui picha. Ubishi huo una umri karibu sawa na sinema yenyewe, na aghalabu huwa juu ya picha zitokazo Ulaya na picha zitokazo Hollywood, mji wa sinema wa Marekani. Yafaa kuuchungua, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko anasa ya jioni moja. Mna swali la nani mwenye haki ya kusema kwamba picha hii ni njema na ile ni mbaya, na picha zipi zifike mbele ya macho ya watu.

TOFAUTI ILIKOANZIA

Tarehe 28 Desemba, 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao mjini Paris mbele ya watu waliolipa kiingilio. Kabla ya mwaka 1914 kampuni ya Kifaransa ya Pathé iliuza picha katika nchi nyingi, hata Marekani kwenyewe. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wenye kutengeneza picha katika Ulaya wakapungukiwa na watu na vifaa, na Hollywood ikapata nafasi yake. Marekani ilikuwa na watu wengi na nyumba za sinema nyingi. Picha ilirudisha gharama zake papo hapo nyumbani, na ilipopelekwa nchi za nje iliweza kuuzwa kwa bei ambayo watu wa Ulaya walishindwa kuifuata.

Biashara hiyo ndiyo iliyoitia picha tabia yake. Mwenye kutaka kuuza hadithi moja kwa mkulima wa Kansas, kwa mhamiaji wa New York na kwa karani wa London, hana budi kutafuta hadithi ambayo wote watatu wataifahamu upesi. Kwa hiyo picha ya Hollywood humwonyesha shujaa mapema, humpa adui na shida, huzidisha shida hiyo mpaka watazamaji washike viti, kisha huifungua kabla taa hazijawashwa. Vijana wa miji ya Afrika ya Mashariki waliifahamu kanuni hiyo bila mwalimu. Shujaa wa picha wakamwita stelingi, na wakasema kwamba stelingi hafi.

Tena Hollywood ilijiwekea sheria zake. Tangu mwaka 1934 hadi 1968, karibu kila picha ya kampuni kubwa ilipaswa kupata muhuri wa ofisi ya wenye sinema wenyewe, kwa kufuata kanuni zilizoandikwa. Mhalifu asipendeze machoni pa watu, na uovu usipate faida. Katika Ulaya mambo hayakuwa namna hiyo. Masoko yalikuwa madogo, lugha zilikuwa nyingi, na mara nyingi mtengenezaji mmoja aliachiwa kufuata mawazo yake, hata kama hadithi yake ingemwacha mtazamaji na donge rohoni.

BAISIKELI ILIYOIBIWA

Mfano ulio wazi ni picha ya Kitaliani iitwayo Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baisikeli, iliyotengenezwa na Vittorio De Sica mwaka 1948. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu, na kazi ilikuwa adimu mjini Roma. Antonio Ricci, mtu mwenye mke na watoto, apata kazi ya kubandika matangazo ukutani, kwa sharti kwamba awe na baisikeli. Nayo baisikeli yake iko rehani. Mkewe, Maria, akusanya mashuka ya kitandani na kuyaweka rehani mahali pake ili kuikomboa. Siku ya kwanza ya kazi, Antonio yu juu ya ngazi akibandika tangazo la picha ya Hollywood lenye sura ya Rita Hayworth, mara mwizi airukia baisikeli na kutokomea nayo.

Jumapili baba na mwanawe mdogo, Bruno, wazunguka mji mzima wakiitafuta. Mwishowe Antonio mwenyewe ajaribu kuiba baisikeli ya mtu mwingine. Akamatwa, azomewa, asukumwa huku na huku mbele ya mwanawe. Mwenye baisikeli, amwonapo mtoto yule, amwachilia. Bruno amshika baba yake mkono, nao waingia katika msongamano wa watu. Picha imekwisha, wala baisikeli haikupatikana.

Aliyecheza mahali pa Antonio, Lamberto Maggiorani, hakuwa mchezaji wa sinema bali mfanyakazi wa kiwandani. De Sica alisimulia kwamba tajiri mmoja wa Hollywood, David O. Selznick, alikuwa tayari kutoa fedha iwapo Antonio angechezwa na Cary Grant, mchezaji mashuhuri, naye akakataa. Ni rahisi kufahamu sababu za kila upande. Tajiri alijua kwamba watu huja kumwona mtu wanayempenda. De Sica alijua kwamba Cary Grant akipoteza baisikeli, hakuna atakayeamini kwamba hawezi kununua nyingine.

Sasa na afikiriwe mtazamaji mwenyewe. Yuko mtu aliyeshinda tangu alfajiri akipakua magunia, na nyumbani ana deni la duka. Akiketishwa mbele ya hadithi ya Antonio aweza kusema, "Shida hiyo nimeiacha nyumbani. Sikulipa kiingilio ili nionyeshwe tena." Huyo si mjinga, amekuja kutafuta pumziko, na pumziko ni haki ya mwenye kazi. Yuko na mwenzake, mwenye mzigo ule ule, ambaye atasema, "Huyu ni mimi. Kumbe shida yangu yastahili kutazamwa." Naye amepata heshima ambayo hajawahi kupewa na shujaa yeyote mwenye bastola. Mmoja amekuja kutafuta dirisha na mwingine kioo, na nyumba ya sinema yapaswa kuwa na vyote viwili.

De Sica hakulificha jambo hilo. Tangazo lile la Rita Hayworth ni kweli tupu, kwa kuwa baada ya vita picha za Kimarekani ziliingia Italia kwa mamia, na Wataliani wengi walizipenda kuliko za kwao. Maskini wa Roma alikuwa akibandika ukutani ndoto ya watu wengine, na maskini wenzake walikuwa wakijipanga mlangoni kuinunua.

HADITHI MOJA, MIISHO MIWILI

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi pale hadithi moja ilipotengenezwa mara mbili. Mwaka 1937 Wafaransa walitoa Pépé le Moko, habari za jambazi aliyejificha katika vichochoro vya mji wa Algiers. Mwisho wake, akiisha kukamatwa bandarini, ajiua mwenyewe huku meli ya mwanamke ampendaye ikiondoka. Mwaka uliofuata Hollywood ikaitengeneza tena kwa jina la Algiers. Humo jambazi hajiui, bali apigwa risasi na polisi. Kifo ni kile kile, lakini katika picha ya kwanza ni uamuzi wa mtu, na katika ya pili ni mkono wa sheria.

Mfano wa pili ni wa ajabu zaidi, kwa sababu picha zote mbili zilitengenezwa na mtu mmoja, George Sluizer wa Uholanzi. Mwaka 1988 alitoa Spoorloos, habari za kijana anayemtafuta mchumba wake aliyetoweka. Mwisho wake kijana azikwa angali hai. Mwaka 1993 Sluizer aliitengeneza tena Marekani, na safari hii kijana aokolewa na mwovu apata malipo yake. Aliyebadilika si mtengenezaji, bali mtu aliyedhaniwa kuwa ameketi kwenye kiti.

Hata hivyo isisemwe kwamba Ulaya ni machozi na Hollywood ni kicheko. Wafaransa wa kawaida walipoachiwa wachague, walikimbilia vichekesho vya kwao: La Grande Vadrouille ya mwaka 1966 iliuza tiketi zaidi ya milioni 17 katika Ufaransa, na Bienvenue chez les Ch'tis ya mwaka 2008 ikapita milioni 20. Upande wa pili, Casablanca, picha ya Hollywood ya mwaka 1942 inayopendwa hata leo, haiishi kwa arusi. Mwanamume amwacha mwanamke ampendaye aende zake na mumewe. Tena aliyeitengeneza, Michael Curtiz, alizaliwa Hungaria. Mataifa haya mawili ya sinema yamechanganyika damu.

WANAOMCHAGULIA MTAZAMAJI

Ikiwa ladha ni mbalimbali, hatari i wapi? Hatari huja pale mtu mwingine anapomchagulia mtazamaji, kisha akasema kwamba ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Wenye fedha wamefanya hivyo. Picha ya De Sica ilipofika Marekani, ofisi ya muhuri ilitaka vipande viwili vikatwe, kimojawapo kikimwonyesha mtoto Bruno akitaka kujisaidia ukutani. Wenye picha walikataa, na ikakosa muhuri, ingawa mwaka 1950 Hollywood hiyo hiyo iliipa zawadi ya heshima.

Serikali nazo zimefanya hivyo. Giulio Andreotti, aliyesimamia mambo ya sinema katika Serikali ya Italia, alimlaumu De Sica mwaka 1952 kwa picha yake nyingine, Umberto D., habari za mzee maskini, akiona kwamba yaipa nchi jina baya. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1927 ilizilazimisha nyumba za sinema kuonyesha sehemu fulani ya picha za Kiingereza. Nia ilikuwa njema, lakini nyingi zilizotoka zilikuwa za haraka na za gharama ndogo, zilizotengenezwa kuridhisha sheria tu, na watazamaji walizidharau. Mwaka 1947 Serikali ikatoza picha za Marekani ushuru wa asilimia 75. Kampuni za Hollywood zikaacha kupeleka picha mpya, mpaka mwaka 1948 pande mbili zikapatana. Sheria yaweza kufunga mlango. Haiwezi kumfanya mtu apende.

Wataalamu nao hawakusalimika. Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoanzishwa London mwaka 1939, ilitengeneza picha za kuonyeshwa Waafrika, nazo zilizungushwa kwa magari ya sinema hata katika Kenya. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata ila picha ya polepole isiyorukaruka. Lakini katika miji ya migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wachimbaji na watoto wao walikuwa wakizifuata picha za makauboi mbio kwa mbio, wakimshangilia shujaa kwa jina la Jeke. Macho yao hayakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kudhani kwamba ladha ya mtu hujulikana kwa rangi yake kabla hajaulizwa.

Wafaransa walipata njia iliyo bora kidogo. Tangu mwaka 1948 sehemu ya bei ya kila tiketi hurudishwa katika kazi ya kutengeneza picha za nchi. Mtu akienda kumtazama kauboi, hakatazwi wala hachekwi. Lakini senti zake chache humsaidia mtengenezaji wa kwao. Hivyo dirisha hulipia kioo, wala hakuna anayesukumwa.

NENO LA MWISHO

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika sinema methali hiyo haitoshi. Picha njema isiyo na nyumba ya kuonyeshwa haiwezi kujiuza, na picha yenye matangazo kila ukuta hujitembeza hata ikaonekana njema. Tena mtu hupenda alichozoea. Aliyelelewa kwa picha za mbio ataona picha ya polepole kuwa imelala. Aliyezoea picha za polepole ataona ile nyingine kuwa kelele.

Wahenga hao hao walisema pia, kipendacho moyo ni dawa. Basi mwenye kupenda kauboi na ampende bila haya, na mwenye kupenda hadithi ya Antonio asijione kuwa na akili kuliko jirani yake. Lakini mtazamaji mwenye busara, picha isipomfurahisha, kabla ya kusema "mbaya," hujiuliza ilikuwa ikimwomba nini: imwondoe shidani kwa saa mbili, au imkalishe na shida hiyo mpaka aifahamu. Moyo mmoja waweza kuhitaji dawa zote mbili, hii leo na ile kesho. Mwaka 1950 kijana mmoja wa Kibengali, Satyajit Ray, aliyepelekwa London na kampuni ya matangazo aliyoitumikia, aliitazama picha ya baisikeli iliyoibiwa. Alikuwa amezipenda picha za Hollywood tangu utoto wake. Akarudi India, na mwaka 1955 akatoa Pather Panchali, habari za jamaa maskini wa kijiji cha Bengali, ambayo ilitazamwa na dunia. Hakuchagua upande. Alikula katika vyungu vyote viwili, kisha akapika chake.