Ngoma Isifungiwe Stoo

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, siku ya vikundi parokiani)



Leo siongei juu ya ng'ombe wa maziwa wala mkopo wa kikundi. Naomba tuongee juu ya muziki shuleni. Najua wengine mtasema, "Huyu ametuletea michezo, na sisi tuna shida ya karo." Ngojeni kidogo.

Nilitembelea shule moja ya msingi. Ratiba ukutani ilisema ni kipindi cha sanaa. Nilipoingia, watoto walikuwa wanafanya hesabu. Mwalimu akaniambia wazi, "Mimi sijui nota, ala hatuna, na nikiimbisha watoto, wazazi watauliza mbona hawasomi." Sikumlaumu. Alikuwa anatuogopa sisi wazazi. Lakini jambo moja liliniuma. Karibu na ua wa shule hiyo anakaa mzee mmoja, mwanakikundi, ambaye kukiwa na harusi au matanga ndiye tunamwita apige isukuti. Hajaitwa darasani hata siku moja.

Mwaka 2014, UNESCO iliandika isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kwa nini haraka? Kwa sababu wajuzi wengi ni wazee, na warithi ni wachache. Mzee akizikwa bila kumfundisha mtu, hakuna harambee itakayorudisha ujuzi wake.

Msidharau vya nyumbani. Mwaka 1963 Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa, kamati ya wanamuziki haikwenda Ulaya kutafuta sauti. Ilichukua ile ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Hata Kanisa, katika hati ya Mtaguso juu ya Liturujia ya mwaka huo huo, lilitaka muziki wa wenyeji uheshimiwe. Ndiyo maana leo tunapiga ngoma kwenye Misa.

Sasa mbona shuleni tumelegea? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulikuwa na mtihani wake pamoja na sanaa na ufundi. Baadaye uliondolewa, nasi tukazoea kusema kisichotahiniwa si elimu. Shule nyingi hutoa ngoma wakati wa mashindano tu, halafu zinarudishwa stoo. Lakini chini ya mtaala tuliouzoea kwa jina CBC, sanaa ni somo. Na sekondari ya juu, iliyoanza Januari 2026, ina njia tatu, mojawapo ikiwa sanaa na michezo. Mtoto ambaye hajashika ala ataichaguaje njia hiyo?

Tena muziki hufundisha kusikilizana. Isukuti ina ngoma kubwa, ya kati na ndogo. Kila moja ina mdundo wake. Mwenye ngoma ndogo akikimbia peke yake, wote wanapotea. Ni kama kikundi chetu: mweka hazina akienda njia yake, kikundi kimekufa.

Basi tufanye nini? Kwanza, kwenye mkutano wa wazazi, tuulize kwa heshima: vipindi vya sanaa ni vingapi kwa wiki, na vinafundishwa? Pili, kikundi kiongee na mwalimu mkuu ili mzee aingie darasani mara moja kwa wiki, mwalimu mwenyewe akiwepo. Mzee apewe chai na nauli, asifanywe kibarua cha bure. Tatu, tuchange pole pole tununue ngoma tatu kwa fundi wa hapa hapa, ili pesa ibaki kijijini. Shule iziandike kwenye daftari la mali, na zipigwe mwaka mzima.

Hesabu tunaitaka, wala sisemi iachwe. Nasema tusiwaibie watoto kipindi ambacho ni haki yao. Na yule mzee bado yuko. Tumwite angali na nguvu za mikono.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Ni nani kijijini kwetu anayejua ngoma au nyimbo za zamani? Amemfundisha nani?
2. Shule yetu ina ala gani, na mara ya mwisho zilitumika lini?
3. Nani kati yetu ataenda kumwona mwalimu mkuu, na siku gani?