Jaji Mwalusanya na Shamba la Bibi wa Muleba



Wahitimu, leo mnapokea vyeti vya usaidizi wa kisheria. Vifungu mmeshavisoma. Mimi nawaletea habari za Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu.

Mwaka 1988 bibi mmoja wa Muleba, mkoani Kagera, amezeeka na hana wa kumtunza, aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Alipata shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Mpwa wake akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha: mila ya Kihaya, alidai, inamruhusu mwanamke kulima shamba la ukoo hadi afe, kuliuza hapana. Akashinda. Bibi akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, mambo yakageuka. Mpwa akapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, jalada likatua mezani kwa Mwalusanya.

Februari 1990 Jaji akaamua. Haki za binadamu zimo ndani ya Katiba tangu 1984, na Katiba inakataza ubaguzi. Basi mila inayomfunga mwanamke pale inapomwachia mwanamume haina nguvu tena. Uuzaji ukabaki halali. Ukoo, kama unalitaka shamba, ulikomboe kwa bei ileile. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: hakuutukana ukoo, na bibi hakumdhulumu.

Hakuishia hapo. Mwaka 1994 alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni adhabu ya kikatili, lakini ikaiacha. Kwangu mimi, kutenguliwa kule hakumpunguzii heshima hata kidogo.

Ndugu zangu, hukumu ile isingekuwepo kama bibi yule angekubali yaishe pale Kashasha. Hapa kwetu Mbalizi wapo wajane wanaoambiwa wafungashe virago kabla hata matanga hayajaanuliwa, na mashamba ya kahawa na viazi yanagawanywa wao wakiwa jikoni. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi.

Nawaomba mkianza kazi kesho, nendeni kwanza kwa wajane hao. Mwambieni kila mmoja asitie dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa. Na akishindwa, msindikizeni kukata rufaa kabla muda haujapita.