Kuchukua Mishale kwa Salama



Leo nataka kusema nanyi habari za jambo ambalo watu wengi hudhani limekwisha kupita, nalo ni namna ya kuchukua mishale pamoja na uta mfupi. Labda mtu ataniuliza, "Je, kuna haja gani? Uwindaji si ulipigwa marufuku?" Ni kweli. Serikali ya Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyama wa Porini ya mwaka 2013 imeweka adhabu kali kwa mvunjaji. Basi sikuja hapa kumfundisha mtu kuwinda.

Lakini mata na mishale havikutoweka siku ile. Vingalimo darini katika nyumba nyingi za bara ya Malindi na Kilifi, vikiwa urithi wa babu. Huchukuliwa katika ngoma na katika sherehe za kuwakumbuka mashujaa. Mlinzi wa usiku naye huenda akakaa langoni na uta wake. Kilichopungua ni ujuzi wa kuichukua mishale hiyo, kwa kuwa wazee waliokuwa nao wanatutoka mmoja mmoja. Mshale unabaki, na aliyejua hatari yake amekwenda. Hapo ndipo ajali huzaliwa.

Yafaa kwanza tukumbuke silaha hii ni kitu gani. Wawaata, ambao watu wa pwani waliwaita Wasanye au Waliangulu, walikuwa mabingwa wa uta katika nchi iliyo kati ya mto Sabaki na mto Tana, na hata ndani ya Tsavo kabla haijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948. Uta wao ulikuwa mrefu na mgumu sana, hata kuuvuta kulihitaji nguvu ya kuinua mzigo wa ratili 100 na zaidi, nao waliua ndovu kwa mshale mmoja. Jirani zao Wagiriama walitumia uta ulio mfupi zaidi, unaopita kwa urahisi katika vichaka, nao walisifiwa sana kwa utengenezaji wa sumu. Mwaka 1914, walipopigana na Waingereza, ni mata na mishale waliyoikabili nayo bunduki.

Nguvu ya mshale ule haikuwa katika chuma peke yake. Ilikuwa katika sumu itokayo katika mti wa msunguti. Mwaka 1888 mtaalamu wa Ufaransa jina lake Arnaud aliitenga asili ya sumu ya namna hii, ikaitwa wabaini, jina lililotokana na lugha ya Kisomali. Baadaye waganga wa Ulaya waliitumia kwa kipimo kidogo mno kutibu maradhi ya moyo. Ndiyo maana nasema si uchawi wala hadithi ya kutishia watoto. Ni dawa ya moyo iliyozidi kipimo. Ikiingia katika damu huuvuruga moyo mpaka usimame. Ikimezwa, madhara yake ni madogo kuliko hayo, na kwa sababu hiyo wawindaji walikata nyama iliyozunguka jeraha wakaitupa, wakala iliyobaki. Lakini mtu asijaribu kuionja kwa kutegemea neno hilo, kwani kidonda kidogo cha mdomoni kinatosha kuipa njia.

Sasa tazameni akili ya wazee. Sumu hawakuipaka kwenye ncha kali kabisa. Waliipaka nyuma yake, juu ya shingo ya kigumba, kisha wakaizungushia ukanda mwembamba wa ngozi. Ukanda huo ulifanya kazi mbili: uliikinga sumu na jua na mvua isiharibike, na ulimkinga mchukuzi mwenyewe asikwaruzwe. Haukuondolewa ila karibu na saa ya kupiga. Tena kigumba na shingo yake vilichomekwa katika wano, wala havikufungwa moja kwa moja, hata viliweza kuchukuliwa mbalimbali. Kwa hiyo salama haikuwa jambo la kuongezwa mwishoni. Ilikuwa ndani ya mshale tangu ulipotengenezwa.

Uta mfupi una taabu yake maalum. Kwa kuwa ni mwepesi, mtu hupenda kushika uta na mishale pamoja katika mkono mmoja, au kuifunga mishale juu ya mti wa uta kwa kamba. Lakini mshale haupungui sana urefu kwa sababu uta ni mfupi. Ncha zake huchomoza karibu na mguu wa mchukuzi, au karibu na uso wake, au karibu na tumbo la mwenziwe anayemfuata njiani. Akijikwaa katika mzizi, huanguka juu ya silaha yake mwenyewe. Basi na tushike mambo haya.

Kwanza, mshale ukae ndani ya podo. Podo liwe na kitako kigumu cha ngozi au cha mti, liwe na kina cha kufunika vigumba vyote, na liwe na kifuniko. Vigumba vielekee chini. Mkanda wake upite begani na kukazwa, ili podo lisigeuke mtu akiinama.

Pili, ikiwa hapana budi kuichukua mishale mkononi, vigumba vyote vivikwe ala ya ngozi au kitambaa kinene kilichofungwa vizuri. Ncha zielekee mbele na chini, mbali na mguu, wala zisielekee nyuma kamwe watu wakifuatana. Ukihisi kwamba unaanguka, tupa mishale kando. Wano likivunjika litachongwa jingine.

Tatu, usikimbie na mshale ulio wazi, wala usipande mti au kuvuka mto nao. Weka chini kwanza, au mpe mwenzio. Na ukisafiri kwa baiskeli, kwa pikipiki au kwa gari, legeza upote wa uta na ufunge podo lako. Katika gari lililojaa watu, ncha moja iliyo wazi ni deni kwa abiria wote.

Nne, hesabu mishale yako unapotoka na unaporudi. Wahenga walisema kwamba mshale kwenda msituni si kwamba umepotea. Lakini ule ulio na sumu, usipotafutwa, utapatikana na mama aokotaye kuni au mtoto achungaye mbuzi, naye hatajua alichokiokota.

Tano, nyumbani mishale itundikwe juu, mahali pasipofikiwa na mtoto, mbali na nafaka na vyombo vya chakula. Kwa ngoma na sherehe, tumieni mishale isiyopata kutiwa sumu, tena iliyofanywa butu. Mchezaji hapungukiwi na heshima kwa hilo.

Neno jingine ni juu ya mishale ya kale. Ukiona mshale wenye utando mweusi uliokauka shingoni, usiseme kwamba sumu imekufa kwa uzee. Uhesabu kuwa ungali hai. Usiukwangue, usiupige msasa ili ung'ae, wala usimwuzie mtalii. Ufunge katika kitambaa kinene, kisha upeleke habari kwa chifu au kwa watu wa Makumbusho ya Taifa, wanaojua kutunza vitu vya namna hiyo.

Na mtu akikwaruzwa, je? Asikimbie huku na huku, kwa maana mbio huufanya moyo upige upesi. Alazwe, jeraha lioshwe kwa maji mengi, wala pasiwe na mtu wa kulinyonya kwa mdomo au kulipasua kwa wembe. Achukuliwe hospitali mara moja, na waganga waambiwe wazi kwamba ni sumu ya mshale. Asifichwe kwa kuogopa polisi. Kesi ina siku yake, lakini moyo uliosimama haungoji.

Mabwana na Mabibi, kila nyumba yenye uta wa babu ina jambo la kufanya. Juma hili, pandeni darini mkatazame. Kama mzee yu hai, mwulizeni ni mshale upi uliotiwa sumu na upi usiotiwa, nanyi mtie alama. Swali hilo ni jepesi leo, na siku atakapotutoka hapatakuwa na wa kulijibu.