Shauri Letu kwa Binti Yetu

Ndugu wazazi na watumishi wenzetu,

Mwalimu mmoja wa kituo chetu amepokelewa na vyuo viwili kusomea shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha: kimoja Marekani, kingine Chuo Kikuu cha Ghana. Ufadhili ni wa chuo kimoja tu. Ametuomba shauri, nasi tumeona tuseme mbele yenu, kwa kuwa atakaowahudumia ni watoto wenu.

Marekani, mwanafunzi hutakiwa kutimiza saa 400 za mafunzo kwa vitendo, 25 kati yake za kutazama. Akihitimu, hufanya kazi chini ya usimamizi kwa wiki zisizopungua 36 kabla ya kupata cheti kamili cha chama cha taaluma hiyo. Ni mafunzo ya uhakika. Lakini vipimo vingi vya huko vilitungwa kwa mtoto asemaye Kiingereza. Wetu husema Kiswahili, na nyumbani Kichaga au Kipare.

Ghana walianza shahada hii mwaka 2016, katika nchi yenye lugha nyingi kama yetu.

Kwa hiyo tumemwambia aviulize vyuo vyote viwili: Nitahudumia wagonjwa gani? Nani atanisimamia? Cheti changu kitasajiliwa nyumbani?

Tukiri pia hofu yetu: mishahara ya Marekani hatuiwezi. Sisi tunaelekea Ghana. Hata hivyo uamuzi ni wake. Popote aendapo, tumwandalie kazi ya kurudia.