Miaka saba ya kufufua Peugeot ya baba

(Mazungumzo ya mwanachama wetu wa Kadutu, kwenye mkutano wa mwezi hapa Bukavu)



Niliombwa niwaeleze ginsi mtu anaweza kutengeneza gari ya zamani nyumbani kwake, kwa makuta kidogo. Wengi mmeiona asubuhi hii hapo inje: Peugeot 504 ya kijivu. Nitawaeleza kazi yenyewe. Lakini kuna jambo lingine ndani ya habari hii, ambalo kesie wetu analijua na wengi hamlijui. Leo nitalisema mimi mwenyewe.

Kule Marekani watu wanafungia gari aina ya Ford Mustang kwenye garaji ya nyumbani miaka mingi, wanaitengeneza polepole mpaka ingurume tena. Sisi huku gari yetu ya kupenda hivyo ilikuwa 504. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na 1969 ilichaguliwa gari ya mwaka huko Ulaya. Ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1975 na tena 1978. Ufaransa waliacha kutengeneza ile ya milango minne mwaka 1983, lakini Kenya waliendelea kuunganisha 504 mpaka baada ya mwaka 2000. Njo maana piesi zake bado zinapatikana.

Baba aliinunua 1979. Alibeba abiria Bukavu mpaka Uvira, akishuka milima ya Ngomo kuelekea Kamanyola, na barabara ile wengi mnaijua. Agosti 1998, vita vilipoanza tena, gari haikuwa na mafuta. Baba aliisukuma mpaka nyuma ya nyumba ya jirani, akampa ufunguo, akasema: "Uniangalilie." Tukaenda kwa miguu mpaka Fizi, tukavuka ziwa, tukaishia kambi ya Lugufu, Tanzania. Baba alikufa huko. Alichoniachia ni mfuko wa plastiki: kadi zetu za ubatizo na kati roze ya gari. Alikuwa ameulalia miaka yote kama mto.

Nilirudi 2006, kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Nilipofika Bukavu, kesho yake nikaenda kwa jirani. Gari ilikuwa juu ya mawe. Kuku alikuwa anataga kwenye kiti cha nyuma. Nikamuuliza:

"Papa, magurudumu iko wapi?"

Mzee hakuzunguka. "Mwanangu, nilikula. Juni 2004 mji uliporwa, nyumbani hakukuwa hata mhogo. Nilikula redio kwanza, kisha batri, kisha magurudumu. Motere sikugusa."

Nilikasirika sana. Nikamwambia maneno ambayo kijana hamwambii mzee. Zaidi ya mwaka sikumsalimia. Nikipita mbele ya mlango wake naangalia upande wa ziwa.

Lakini gari bila magurudumu haisukumwi. Ilibaki kwake, na mimi ningeitengenezea wapi? Januari 2008 nikarudi, nikabisha. Mzee akatoka na nyundo mkononi. Ninyi mliobaki mnajua: mbele ya vita alikuwa tolie. Hakunikumbusha kitu. Akasema tu: "Tuanzie chini."

Sasa sikieni kazi. Nilijiwekea dola 15 kila mwezi, si zaidi, na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza, paa. Bukavu mvua inanyesha kuanzia Septemba mpaka Mei. Ukianza kufungua gari bila kuifunika, unalisha kutu. Tulisimamisha miti minne na manjanja ya zamani.

Pili, motere. Ilikuwa imekaa miaka karibu kumi, pistoni zimeshikamana na kutu. Usitie batri na kulazimisha, utavunja. Tulitoa bujia, tukamwaga mazuti na mafuta ya motere kwenye matundu, tukangoja wiki tatu. Kisha tukajaribu kuzungusha kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma. Siku iliposogea, mzee alipiga makofi peke yake. Motere ya 504 ina shemizi zinazotoka: moja ikiharibika, unaivuta na kuweka nyingine, bila kutoboa bloki upya. Lakini kilasi yake ni ya aliminiamu. Ikipata joto kali inapinda, kwa hiyo radiateri na bomba za maji zisafishwe mbele ya siku ya kuwasha.

Tatu, mwili. Sakafu ilikuwa imetoboka, na mabati ya chini ya milango pia. Tulikata mabati yaliyooza, tukaunga mapya. Mbele ya kuchoma, toa batri, na toa tanki ya mafuta kabisa. Tanki tupu ina hatari kuliko iliyojaa, juu mvuke wa mafuta njo unalipuka. Nne, freni zote mpya, hata kama za zamani zinaonekana nzuri. Mji wetu ni wa miteremko. Rangi ni ya mwisho. Anayeanza na rangi anapaka deni.

Na piesi? Nyingine zilitoka Bujumbura, nyingine Nairobi. Angalieni: Kenya na Tanzania usukani uko kuume, kwetu uko kushoto. Piesi za motere zinaingia, lakini za usukani na dashibodi hazifai, na taa za mbele zitamulika upande usiofaa. Mimi nilinunua taa mbili za namna ile, zimebaki kwenye sanduku mpaka leo.

Mwaka wa tatu, 2010, njo nilianguka. Mtu alileta habari kuna seti nzima ya pistoni na shemizi Bujumbura, dola 180, na mwenyewe hangoji. Mimi sikuwa nazo. Nikaja hapa kwenye mkutano huu, nikasimama fasi hii, nikaomba mkopo wa dola 180. Nikasema ni minervali ya watoto. Mlinipa, na hakuna aliyeuliza. Pesa ikaenda Bujumbura.

Muhula ulipoanza, mtoto wangu wa pili alirudishwa nyumbani na begi lake. Mama watoto alifikiri minervali imelipwa. Akaja mpaka kwa mzee, akanikuta chini ya gari. Hakupiga kelele. Aliweka begi la mtoto juu ya kapo, akaondoka.

Mzee alikuwa amekaa pale. Nilingoja aseme neno, juu alikuwa na haki ya kulisema. Yeye alikula magurudumu kwa njaa, na alikiri siku ileile nilipomuuliza. Mimi nilikula minervali na tumbo limeshiba, na nikasema uongo mbele ya chama. Mzee hakusema kitu. Alipangusa mikono, akaingia ndani, akaleta dola 20. Zilikuwa zake za likelemba. "Mtoto aanze na hizi," akasema.

Nilienda kwa kesie usiku uleule, nikamweleza yote. Kwa ajili ya minervali niliuza baiskeli. Deni la chama nililipa kwa zile dola 15 za mwezi. Hesabu ni rahisi: 180 gawanya kwa 15, miezi 12. Mwaka mzima wa 2011 gari haikupata hata bujia moja. Pistoni zilikaa kwenye karatasi yake na mafuta, zinangoja. Kama ningengoja mimi, ningeweka dola 15 kila mwezi na kununua piesi mwisho wa mwaka uleule. Mkopo ule haukuniharakisha hata siku moja. Ulinipotezea tu uso mbele ya mke wangu.

Gari iliwaka Desemba 2014. Daftari linasema dola 1,260 kwa miaka saba. Mikono ya mzee haimo kwenye hesabu hiyo, na sijui ningeiandika kiasi gani. Siku ya kwanza ilitoa moshi mweusi, kwani kabirateri ilikuwa imetoka motere ya mtu wa pwani. Huku kwetu juu, karibu mita 1,500, hewa ni nyepesi, motere inapewa mafuta mengi kupita kiasi cha hewa hiyo. Tulipunguza, moshi ukakatika. Mzee alikaa mbele, mke wangu na watoto nyuma. Tulishuka mpaka kando ya ziwa, tukapanda tena. Kwenye mlima wa Kadutu mzee alishika mlango kwa mikono miwili, akawa anasikiliza motere tu.

Ndugu zangu, sisi tuliorudi tunapenda kuuliza waliobaki: shamba langu liko wapi, mlango wangu, manjanja yangu? Ni haki kuuliza. Lakini tuulize tukijua kwamba wao pia walikuwa vitani, na kwamba hata sisi mikono yetu haikubaki safi.

Namaliza na ombi moja. Mkopo wa minervali usiwekwe tena mkononi mwa mzazi. Kesie aupeleke mwenyewe shuleni, arudi na risiti. Mtu anayelileta pendekezo hili ni yule aliyewadanganya, kwa hiyo mnajua linatoka wapi. Mkatae au mkubali, kura ni yenu.

Na anayetaka kuona motere, kapo iko wazi hapo inje. Mzee yuko kando yake. Maswali ya mabati muulizeni yeye.